Ugumu uweke kwenye kazi, usiuweke kwenye kuanza

Kuna kitu kinanikera kidogo kwenye haya mambo ya nidhamu siku hizi. Mtu akishasikia "jijengee nidhamu" basi moja kwa moja anawaza mateso. Aamke saa tisa usiku, aoge maji ya barafu, akimbie mpaka atapike, aache sukari, azime simu, asome kitabu kizima kwa wiki, na yote hayo yaanze jumatatu, halafu apige picha aweke stetasi. Wiki mbili mbele ukimuuliza vipi ile ratiba anakwambia "aah, mambo yaliingiliana". Wala hayajaingiliana, ile ratiba tangu siku ya kwanza ilikuwa imepangwa ife.

Niseme mapema mimi sipingi tabia ngumu, nazipenda sana tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hakuna namna ya kuinama bila kiuno kulalamika. Vitu vingi vya maana viko upande ule ambao mwili hautaki kwenda, hapo hatubishani. Ninachokataa ni hii imani kwamba kitu kikiuma zaidi ndo kinajenga zaidi. Kusimama kwa mguu mmoja saa nzima nako ni kugumu, ila ukimaliza umepata nini?

Chukua hilo la maji ya baridi maana ndo linalopendwa kuliko yote. Uholanzi watafiti walichukua watu zaidi ya 3000, matokeo yakatoka 2016, wakawagawa makundi, kundi moja likaendelea kuoga kama kawaida, wengine wakaambiwa mkimaliza kuoga malizieni na maji ya baridi, kuna wa sekunde 30, kuna wa 60, kuna wa 90, kila siku kwa siku 30 mfululizo. Waliomalizia na baridi, siku walizokosa kazini kwa sababu ya kuumwa zilipungua kwa asilimia 29 hivi ukilinganisha na wenzao. Sio haba hata kidogo. Lakini soma na yale mengine mawili ambayo watu wa stetasi hawayasemi: siku za kuumwa zenyewe hazikupungua, yaani waliumwa vilevile ila waliamka wakaenda kazini, na pili wale wa sekunde 90 hawakupata chochote zaidi ya wale wa sekunde 30. Kwahiyo yule anayekaa dakika kumi kwenye pipa la barafu huku anatetemeka meno, faida aliyokuwa anaitafuta inawezekana aliipata kwenye nusu dakika ya kwanza, zilizobaki zote ni shoo.

Kipimo ninachotumia mimi kabla sijaikubali tabia yoyote ngumu ni hiki: ukiutoa ule ugumu pembeni, kinachobaki bado unakitaka? Mazoezi ukitoa ugumu unabaki na pumzi na mgongo usiouma. Kusoma kila siku ukitoa ugumu unabaki na vitu kichwani. Kuandika matumizi yako ukitoa ugumu unabaki unajua hela inakwenda wapi. Sasa kuamka saa kumi alfajiri, ukitoa ugumu unabaki na nini? Giza. Kama kuna kitu unakwenda kukifanya hiyo saa kumi basi amka, tena amka kwa fujo, lakini kama unaamka ili uweze kusema umeamka, ndugu yangu lala. Kuna watu wameamka saa kumi miezi mingi na hiyo saa kumi wanaimalizia kwenye simu, wanaangalia video za watu wengine walioamka saa kumi.

Sasa tuje kwenye swali ambalo ndo hasa limenifanya niandike hii leo. Huo ugumu unakaa wapi? Maana tukisema "kukimbia ni kugumu" tunasema kwa ujumla mno. Dakika ya kumi ya kukimbia taratibu wala sio ngumu kihivyo, pumzi imeshakaa sawa, miguu inajua inachofanya, unakwenda tu. Kigumu ni kutoka kitandani, kutafuta viatu, soksi moja haionekani, unawaza mvua, unawaza kazi ya leo, unakumbuka jana ulichelewa kulala kwahiyo mwili unastahili kupumzika, unaona bora uanze kesho vizuri kuliko leo vibaya. Ni sawa na kusukuma gari lililozimika, jasho lote linaishia pale linapotaka kuanza kusogea, likishasogea hata mtu mmoja analimudu. Na ukiangalia vizuri tabia karibu zote ngumu ziko hivyo, kuandika kurasa moja hakuna shida ukishaandika sentensi tatu, kusoma hakuna shida ukishafika ukurasa wa pili, kupiga hesabu za matumizi hakuna shida ukishafungua lile daftari.

Halafu angalia watu tunavyofanya, badala ya kupunguza ugumu wa pale mwanzo tunauongeza. Mtu anataka kuanza mazoezi anachagua jimu iliyo mbali, inayohitaji nguo maalum, mpaka apange na rafiki, mpaka apate muda wa saa moja na nusu uliotulia. Mtu anataka kuandika kila siku lakini mpaka nyumba iwe kimya na meza iwe safi. Kwa namna hiyo ule ugumu wenye faida, ule wa kwenye kazi yenyewe, hata hujaufikia, umeshachoka mlangoni.

Kwahiyo kazi ya kwanza ya nidhamu kwa maoni yangu inafanyika jana yake, tena jioni, wakati huna haraka. Viatu viko mlangoni na soksi ziko ndani ya viatu. Daftari liko mezani limefunguliwa ukurasa mweupe na kalamu juu yake. Kitabu kiko juu ya mto kwahiyo ili ulale lazima ukishike. Simu inachajiwa chumba kingine. Watu wanayaona haya mambo madogo madogo kama ujanja wa watoto, eti mtu mzima mwenye nidhamu hahitaji kujitegea soksi. Anahitaji. Mtu mzima ndo anahitaji zaidi maana sisi tunajua kujitetea, mtoto akikataa kitu anasema sitaki, mtu mzima anakuletea sababu saba na zote zina akili.

Na hicho kikao cha kichwani ndo adui mkubwa, nakwambia. Ukikubali kukaa kikao na wewe mwenyewe saa kumi na moja na nusu asubuhi umeshashindwa, maana anayewakilisha upande wa kitanda ana hoja nzuri kuliko wewe, na amelala vizuri. Kinachosaidia ni uamuzi uwe umeshafanyika kabla. Kuna mwanasaikolojia wa Ujerumani anaitwa Peter Gollwitzer ambaye kwa miaka mingi amelichunguza jambo hili, andiko lake linalotajwa sana ni la 1999, na wazo lenyewe ni jepesi mno: badala ya kusema "nitafanya mazoezi zaidi" unasema "nikishamaliza kupiga mswaki asubuhi, navaa viatu natoka". Yaani ikitokea hiki nafanya kile. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha mtu aliyejipangia kwa namna hiyo anatekeleza zaidi kuliko aliyebaki na nia tupu. Sababu nadhani unaiona, mswaki ukishaisha hakuna tena swali la "nianze saa ngapi", na swali likiondoka na kikao kinakosa ajenda.

Mswaki nimeutaja makusudi. Kitu cha kushikizia tabia mpya kinatakiwa kiwe ambacho hukosi kabisa na kina mwisho unaoonekana. "Baada ya kazi" ni pabaya pa kushikizia maana kazi haina mwisho mmoja, leo inaisha saa kumi, kesho saa mbili usiku. "Nikipata muda" hata tusiiongelee.

Hapa kuna mtu atasema sawa lakini mimi tatizo langu ni utashi, sina ile nguvu ya ndani. Hii imani ina historia yake na inafurahisha kidogo. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake kule Marekani walifanya jaribio moja ambalo lilikuja kuwa maarufu sana, waliwachukua watu ambao hawajala, wakawaweka kwenye chumba kinachonukia biskuti zilizotoka kuokwa muda huohuo, wengine wakaambiwa kuleni biskuti, wengine maskini wakaambiwa biskuti ziacheni nyie kuleni figili. Baadaye wote wakapewa mafumbo ambayo hayana jibu. Wale wa figili walikata tamaa mapema kuliko wenzao. Hitimisho likawa kwamba utashi una kiwango, ukiutumia huku unapungua kule. Watu wakalipokea kwa mikono miwili maana linaelezea vizuri kwanini jioni tunaharibu kila kitu.

Sasa 2016 maabara 23 za nchi mbalimbali zikaungana kulipima wazo hilo kwa zoezi lingine ambalo wote walikubaliana litafanyika vilevile kila mahali, washiriki zaidi ya 2000, na tofauti waliyoikuta ilikuwa karibu na sifuri. Mabishano ya wanasayansi bado hayajaisha, ila ile picha ya utashi kuwa na kiasi fulani kinachomwagika mchana kutwa imepata ufa mkubwa. Mimi binafsi sijali sana nani atashinda huo ubishi, ninachojua ni kwamba kwa mtu wa kawaida ilikuwa imani mbaya kuishi nayo, ilikuwa inampa mtu ruhusa saa moja jioni aseme "leo utashi umekwisha" kana kwamba amesoma mita.

Kilichonibadilisha mawazo zaidi ni utafiti mwingine, wa Wilhelm Hofmann na wenzake, ulitoka 2012. Walichukua watu wazima 205 huko Ujerumani wakawapa vifaa vya mkononi vinavyolia mara kadhaa kwa siku kwa wiki nzima, kikilia unajibu: sasa hivi unatamani kitu? unapambana nacho? umeshindwa au umeshinda? Wewe ungetegemea nini kwa wale watu wanaojulikana kuwa na nidhamu kubwa? Mimi ningetegemea kuwakuta wanapambana sana na kushinda sana. Kumbe walikuwa na mapambano machache. Yaani yule mtu unayemwona wa chuma, anayekaza kila siku, kwa sehemu kubwa hayuko vitani kabisa, maisha yake yamekaa kwa namna ambayo kishawishi hakimfikii mara nyingi, au tabia yake imeshakuwa ya kujiendea. Ukikaa ukalitafakari hilo linabadilisha mambo mengi. Tumekuwa tukiwaonea wivu watu kwa nguvu za kupambana, wakati walichonacho wao ni kwamba hawapambani.

Ndo maana mtu akiniambia "nina mzuka balaa, naanza kesho" nafurahi naye lakini kimoyomoyo naogopa. Mzuka ni mzuri, utumie, ila utumie kupanga. Siku una mzuka ndo siku ya kufuta programu zinazokula muda, kununua daftari, kumwambia mtu wa nyumbani kwamba muda fulani usinitafute, kutafuta njia fupi ya kukimbilia iliyo karibu. Usiutumie mzuka kukimbia kilomita kumi siku ya kwanza, kesho yake magoti yanakudai na mzuka haupo kukutetea.

Kuna kaujanja kengine nako kana ukweli ndani yake, kufunga kitu kigumu na kitu unachokipenda. Katy Milkman na wenzake walichapisha 2014 jaribio la watu waliopewa riwaya za kusikiliza, zile ambazo ukianza huwezi kuacha, kundi moja likaambiwa mnasikiliza mkiwa jimu tu. Mwanzoni walikwenda jimu asilimia 51 zaidi ya wale ambao hawakupewa. Ila baadae ikapungua, na ilipofika likizo ndo ikaporomoka kabisa. Mimi hapo najifunza vitu viwili, kwamba ujanja unafanya kazi, na kwamba likizo ni hatari kuliko uvivu. Watu wengi hawaachi tabia kwa sababu wamechoka, wanaacha kwa sababu wiki ilikatika, safari, wageni, msiba, kuumwa, halafu hakukuwa na mpango wa kurudi.

Hapo ndo tuongelee siku ngapi, maana hili swali halikosi. Siku 21 umeshazisikia. Zilitoka kwa daktari mmoja wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, Mmarekani Maxwell Maltz, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Angalau. Halafu ni kuzoea sura kwenye kioo, hakuna mtu hapo anayejifunza kuamka wala kukimbia. Watu wakaikata ile "angalau", wakaibeba namba, mpaka leo inazunguka na vichalenji vya siku 21.

Waliokuja kupima kweli ni Phillippa Lally na wenzake pale University College London, utafiti ulitoka 2009. Watu 96, kila mmoja akajichagulia kitu kimoja, cha kula, cha kunywa au cha mazoezi, akifanye kila siku baada ya tukio lilelile kwa siku 84, na kila siku anajaza kama kilijiendea chenyewe au alijilazimisha. Mtu wa katikati ilimchukua siku 66. Lakini mtawanyiko wake sasa, kuna wa siku 18 na kuna wa siku 254, na hiyo 254 ni makadirio ya hesabu kwa sababu utafiti wenyewe haukufika huko. Waliochagua vitu vyepesi kama kunywa maji waliwahi, wa mazoezi walichelewa zaidi. Kwahiyo kama umefikisha siku ya 30 na bado unajikokota kila asubuhi, hujashindwa wala huna kasoro, uko katikati ya safari ya kawaida kabisa.

Jambo la pili kwenye utafiti huo ndo ninalolipenda zaidi, kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Mstari ulishuka kidogo ukaendelea kupanda. Hii inapingana na ile mioyo yetu ya "nimeshavunja mfululizo basi tena". Zile programu zinazokuhesabia siku mfululizo zinasaidia mwanzoni, sikatai, lakini zina ubaya wake, siku namba ikirudi sifuri mtu anajiona yeye ndo amerudi sifuri. Mwili haujarudi sifuri. Kichwa hakijarudi sifuri. Kilichorudi sifuri ni namba ya kwenye simu tu.

Mimi naona mtu anayetaka kudumu anahitaji dozi mbili za tabia moja, dozi ya siku nzuri na dozi ya siku mbaya, na ya siku mbaya iandikwe kabisa mapema ili siku ikifika usianze kuijadili. Siku nzuri unakimbia nusu saa, siku mbaya unavaa viatu unatembea dakika tano unarudi. Siku nzuri unasoma kurasa ishirini, siku mbaya unasoma aya moja. Unaweza kucheka, dakika tano zinasaidia nini? Kwa mapafu hazisaidii chochote, nakubali. Zinachosaidia ni kwamba ule mwanzo, ile sehemu ngumu niliyoisema, umeirudia hata leo, na mwanzo ndo unaotakiwa uzoeleke mpaka ujiendee wenyewe. Halafu kuna siri nyingine, siku mbaya nyingi ukishavaa viatu zinageuka kuwa siku za kawaida. Sio zote. Ikigoma geuka urudi, dozi umemeza.

Watu wakisikia dozi ndogo wanaona kama ni kujidekeza, eti mabingwa hawafanyi hivyo. Haya tumwangalie Eliud Kipchoge, maana nidhamu ya yule bwana hakuna anayeibishia, ndo huyo aliyekimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1:59:40 pale Vienna Oktoba 2019, hata kama haikuhesabiwa rekodi rasmi kwa jinsi mbio zilivyoandaliwa. Sehemu kubwa ya mazoezi yake ni ya mwendo wa taratibu, mwenyewe ameshasema mara nyingi kwamba mazoezini hajitoi mpaka mwisho, na kila zoezi analiandika kwenye daftari, anayo madaftari ya miaka mingi. Taratibu, kila siku, na kuandika. Ukiweka pembeni kipaji alichopewa na Mungu, hayo matatu hata wewe unayaweza.

Sasa niingie kwenye tabia ambayo mimi naipa namba moja kwa ugumu na kwa faida, na cha ajabu haihitaji jasho wala kuamka mapema. Kuandika matumizi. Kila hela inayotoka, unaiandika siku hiyohiyo, hata iwe ndogo kiasi gani. Jaribu tu wiki moja utaona. Kazi yenyewe ni ya dakika tatu, hakuna misuli, hakuna baridi, lakini watu wanaikimbia kuliko kukimbia kwenyewe. Nimewahi kujiuliza sana kwanini na nadhani ni kwa sababu mazoezi yanakuumiza mwili, lile daftari linakuumiza jina. Unaona kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba kile ulichokuwa unakiita "vitu vidogo vidogo" kimezidi kile ulichokuwa unasema huna hela nacho. Hakuna wa kumlaumu, serikali haimo, mwajiri hayumo, ni mwandiko wako.

Ndo maana naiweka kwenye kundi la nidhamu kabisa, maana nidhamu nyingine unaweza kujidanganya, ukakimbia kilegevu ukasema umekimbia, ukashika kitabu ukasema umesoma. Daftari la matumizi ukilidanganya hesabu inakataa mwisho wa mwezi. Na sheria zake nimezifanya nyepesi ili mwanzo usiwe mgumu: naandika kabla sijavua viatu nikifika nyumbani, hakuna makundi ya rangi, hakuna programu ya kisasa, ni tarehe, kitu, kiasi. Kwa kipindi cha mwanzo hata usijikataze kununua chochote, wewe andika tu. Ukianza kuandika na kujikataza kwa pamoja utaishia kuacha kuandika, maana binadamu akikosea huwa anaficha ushahidi kwanza.

Usingizi nautaja haraka haraka kwa sababu kila mtu anaujua na hakuna anayeuheshimu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Tabia ya kuamka mapema ni tabia ya kulala mapema, hakuna nyingine. Ukiiba usingizi ili upate nidhamu, mchana wake nidhamu ndo ya kwanza kuondoka.

Kuna jambo lingine lazima niliseme maana waandishi wa mambo haya huwa wanaliruka. Sio kila anayeshindwa ana uvivu. Lile jaribio la watoto na peremende, ambapo Walter Mischel wa Stanford aliwaambia watoto wadogo ukisubiri nikirudi nakupa mbili, liliendeshwa kuanzia miaka ya 1960, na kwa miaka mingi tuliambiwa waliosubiri ndo waliofanikiwa ukubwani. 2018 watafiti wengine wakaja kulirudia kwa watoto zaidi ya 900 wenye hali mbalimbali za maisha, wakakuta ule uhusiano ni mdogo kuliko ulivyosemwa, na ukishazingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto tangu mwanzo unapungua tena sana. Hata bila utafiti inaingia akilini. Mtoto ambaye nyumbani kwao ahadi huwa hazitimizwi ana sababu gani ya kusubiri ya pili? Kula iliyopo ndo akili. Vivyo hivyo mama mwenye mtoto mchanga na mtu anayefanya kazi za zamu, huwezi kumlinganisha na kijana anayeishi peke yake mwenye asubuhi yake yote. Kwa hao dozi ya siku mbaya ndo dozi, iwe hivyo mpaka hali ibadilike, na wasiwaombe radhi watu wa pipa la barafu.

La mwisho ni kuhusu tamaa ya kuongeza. Ukishaona moja imeanza kukaa unatamani uongeze nne. Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa karne ya 18, alijiorodheshea mambo 13 ya kujirekebisha, akatengeneza kijitabu chenye mistari na kila jioni anaweka nukta alipoteleza, lakini akili yake ilikuwa kwenye jambo moja kila wiki, mengine anayaacha yaende kama yalivyo. Wiki 13 mzunguko umeisha, mwaka una mizunguko minne. Na pamoja na ujanja wote huo lile la kupanga vitu vyake kwa utaratibu lilimshinda mpaka uzeeni, ameandika mwenyewe. Wiki moja moja mimi naona bado ni haraka, ukiangalia hizo siku 66, ila ile ya kushika moja naikubali.

Ninavyojua kama ya kwanza imekaa ni kwamba ule ubishi wa kichwani haupo tena, nakuta tayari nimeshaanza kabla sijakumbuka kukataa. Kuandika matumizi kumeshafika huko kitambo. Kusoma usiku bado, hasa ijumaa, ijumaa kitabu na mimi tunaangaliana sana. Kwahiyo lile wazo la kujifunza kuogelea, ambalo nguo zake nimeshanunua kwa mzuka wangu mwenyewe, litakaa kabatini kwanza.